Umeona kitu cha ajabu angani? Hatua za kukichunguza kabla ya kukiita UFO

Kati ya mwaka 1947 na 1969, taarifa 12,618 za watu walioona vitu wasivyovielewa angani ziliingia katika faili za Jeshi la Anga la Marekani, kwenye mradi uliokuja kuitwa Blue Book. Mradi ulipofungwa, taarifa 701 zilibaki bila maelezo, na tangu siku hiyo watu wanabishana juu ya hizo 701. Anayetaka kujifunza uchunguzi atafaidika zaidi akiuliza zile nyingine zilitatuliwaje. Mara nyingi ni kwa mambo matatu: saa, upande na kimo. Shahidi aliyeyanakili matatu hayo kwa usahihi ametoa taarifa inayochunguzika, hata kama hana picha. Aliyepiga picha kumi bila kujua ilikuwa saa ngapi wala alikuwa ameelekea wapi amemwacha mchunguzi gizani.

UFO maana yake ni kitu kilicho angani ambacho hakijatambulika. Jina hilo hupatikana mwisho wa kazi, baada ya kila kinachojulikana kupitishwa kwenye chujio na kuondolewa.

Hatua ya 1: Kikiwa bado kinaonekana

Kama unaendesha gari, egesha mahali salama na uzime injini. Injini ikizimwa utajua kama kuna mlio, na utajua jambo jingine muhimu zaidi: mwanga uliokuwa "unakufuata" mara nyingi husimama gari linaposimama. Kitu kilicho mbali sana, kama sayari au mwezi, hakibadilishi upande unaposafiri kilomita chache, ndiyo maana huonekana kama kinaandamana nawe huku miti na nyumba zikirudi nyuma.

Kisha tafuta kitu kisichosogea: pembe ya paa, nguzo, ukingo wa ukuta. Egemeza kichwa, uweke mwanga karibu na ukingo huo, uangalie kwa dakika nzima. Jicho likitazama nukta moja kwenye giza tupu, nukta huanza kuyumba na kurukaruka ingawa imetulia tuli. Hilo humpata kila mtu, rubani na askari wakiwemo. Ukilinganisha na ukingo wa paa, yumbayumba hiyo hukatika mara moja, nawe utajua mwendo wa kweli ni upi.

Angalia saa kabla hujafungua kamera. Saa ya simu iliyounganishwa na mtandao huwa sahihi vya kutosha. Saa ya mkononi au ya gari inaweza kupotoka kwa dakika kadhaa, na dakika tano zinatosha kuharibu ulinganisho na setilaiti.

Sasa rekodi video. Picha moja moja usiku hazifai sana, kwa sababu simu huacha lenzi wazi kwa muda mrefu na nukta inayosogea hutoka kama fimbo au mkia. Zima hali ya usiku na zima tochi ya kamera. Gusa na ushikilie kioo juu ya taa ya mbali ili fokasi ijifunge hapo, la sivyo kamera itahangaika kutafuta na mwanga utavimba na kunywea kama unaopumua. Usivute picha kupita uwezo wa lenzi yenyewe. Baada ya hapo simu inakuza vipande vya rangi tu, na maumbo yanayojitokeza ni kazi ya programu. Hakikisha paa, mti au upeo wa macho unabaki ndani ya fremu muda wote. Video ya nukta nyeupe kwenye weusi mtupu haina thamani, hata ikiwa ya dakika kumi.

Ukiwa unarekodi, sema kwa sauti unachokiona: "kipo juu ya mnara, kinaelekea kushoto, hakina mlio, kimefifia sasa." Kipaza sauti ndicho daftari lako la haraka zaidi. Kitu kikitoweka endelea kurekodi kwa dakika moja nzima, ukizungusha kamera taratibu ili alama zote za mahali zionekane. Mwezi ukiwepo, urekodi kwa ukuzaji ule ule uliotumia. Utakuwa rula yako baadaye.

Darubini ya macho mawili, hata ya kawaida ya 7x50 (inayokuza mara saba), hutatua mengi papo hapo. Mwanga mmoja hugawanyika ukawa taa za ndege. Sayari ya Mshtarii (Jupita) huonyesha miezi yake minne kama vijinukta vilivyopangwa kwenye mstari, na wengi wameieleza kama chombo kikubwa kilichozungukwa na vidogo. Usielekeze darubini karibu na jua. Usimulike kitu chochote cha angani kwa leza pia: kama ni ndege, unampofusha rubani, na katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kuzungumza

Kumbukumbu huanza kubadilika mara tu watu wawili wanaposimuliana. Kila aliyeona aandike peke yake na achore peke yake, ndani ya saa ya kwanza. Karatasi iwe na haya: tarehe; saa kilipoonekana na saa kilipotoweka; mahali uliposimama, kwa nambari za GPS kutoka simuni; upande na kimo mwanzoni, katikati na mwishoni; rangi; mlio; hali ya mawingu na upepo; kilivyotoweka. Hilo la mwisho wengi husahau, na lina uzito mkubwa. Kufifia taratibu, kuzimika ghafla, kuingia nyuma ya wingu na kushuka nyuma ya kilima ni mambo manne tofauti yenye sababu tofauti.

Saa za Kiswahili zinahitaji uangalifu wa pekee. "Saa mbili usiku" ni 20:00, lakini akiiandika mtu kama "2 usiku" na kuituma kwa mchunguzi asiyejua hesabu yetu, itasomwa 02:00, na anga la saa nane usiku halifanani hata kidogo na la saa mbili. Andika kwa mtindo wa saa 24, kisha ongeza saa ya UTC (saa ya pamoja ya kimataifa) pembeni, maana kumbukumbu za setilaiti na za ndege hutumia UTC.

Andika ulichokiona, si ulichokidhania. "Taa tatu nyeupe zilizokaa kama pembetatu" ni ushahidi. "Chombo cheusi cha pembetatu" tayari ni hitimisho. Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi iliyorusha chombo cha Kisovieti, Zond 4, yaliungua angani juu ya Marekani yakionekana kama vipande vya moto vilivyofuatana, na baadhi ya mashahidi waaminifu wakaeleza chombo kirefu mfano wa sigara, chenye madirisha yanayowaka. Hawakudanganya. Ubongo huunganisha nukta na kujaza giza lililo kati yake kwa mwili mmoja.

Hatua ya 3: Pima kwa mkono

Watu husema kitu kilikuwa "kikubwa kama basi, mita mia mbili juu". Usiku, bila kujua kitu ni nini, jicho haliwezi kujua ukubwa wala umbali wake. Linaweza kujua pembe tu, kwa hiyo pima pembe.

Nyoosha mkono mbele mpaka mwisho. Upana wa kidole kidogo ni kama digrii 1, ngumi ni kama 10, na mkono uliotanuliwa kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole kidogo ni kama 20. Mwezi mpevu ni nusu digrii tu, yaani nusu ya kidole kidogo, ingawa karibu kila mtu huuona mkubwa zaidi ya hapo. Kwa kimo, panda ngumi juu ya ngumi kutoka upeo wa macho: ngumi tatu ni digrii 30. Kwa upande tumia dira ya simu, lakini ondoka kwanza karibu na gari, nguzo za chuma na spika, maana hupotosha usomaji kwa makumi ya digrii. Dira ikikutia shaka, andika alama: "juu ya kona ya kushoto ya tangi la maji, nikiwa nimesimama mlangoni." Kesho yake unaweza kupima mchana kwenye ramani ya setilaiti na kupata jibu zuri kuliko la dira.

Kanuni moja inatosha kwa hesabu zote: kitu cha mita 1 kikiwa umbali wa mita 57 huonekana kwa upana wa digrii 1. Chukua mwanga uliovuka ngumi moja, digrii 10, kwa sekunde 5. Kama ulikuwa mita 500 kutoka kwako, umesafiri mita 87, sawa na kilomita 63 kwa saa. Droni ya kawaida inafika hapo. Kama ulikuwa kilomita 10, mwendo ni takriban kilomita 1,250 kwa saa, kasi ya sauti. Shahidi ni yule yule, saa ni ile ile, na kilichobadilika ni umbali ambao hakuna aliyeupima. Kila unaposoma kwamba kitu "kilikwenda kwa kasi isiyowezekana", tafuta kwanza umbali ulipatikanaje.

Kosa hilo huwapata hata wenye vifaa ghali. Video ya jeshi la majini la Marekani inayoitwa GoFast, iliyotolewa rasmi mwaka 2020 pamoja na nyingine mbili, inaonyesha nukta inayokimbia juu ya bahari. Timu huru ya NASA ilipozifanyia hesabu namba zilizoandikwa kwenye kioo cha kamera mwaka 2023, ilikuta kitu kilikuwa takriban futi 13,000 juu, mbali kabisa na maji, kikienda kama maili 40 kwa saa, mwendo ambao upepo wa kimo hicho unaweza kuutoa. Kasi iliyoonekana ilikuwa hasa ya ndege iliyobeba kamera.

Mashahidi wawili waliokuwa mbali na wenzao, kilomita moja au zaidi, wakipima upande kwa wakati mmoja, ni hazina. Chora mistari yao miwili kwenye ramani. Inapokutana ndipo kitu kilipokuwa. Mistari ikiwa sambamba, kitu kilikuwa mbali sana, pengine nje ya anga la dunia.

Hatua ya 4: Chujio

Fanya hatua hii ndani ya siku mbili tatu. Kumbukumbu za bure za safari za ndege kwenye tovuti nyingi hazikai muda mrefu, na vipimo vya njia za setilaiti huchakaa haraka.

Anza na sayari na nyota. Fungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, weka mahali, tarehe na saa, kisha elekea upande ulioandika. Zuhura ndiye mshukiwa wa kwanza: anang'aa kuliko nyota zote, na haendi zaidi ya digrii 47 kutoka kwenye jua, kwa hiyo huonekana magharibi jioni au mashariki alfajiri, kamwe si usiku wa manane juu ya utosi. Wingu jembamba likipita mbele yake, yeye ndiye huonekana kukimbia. Nyota ya Sirius ikiwa chini karibu na upeo humetameta nyekundu, kijani na buluu kwa sababu ya hewa nzito inayochemka kati yake na wewe; ukisikia "taa za rangi zinazobadilika, haisogei, imekaa saa nzima", nenda kwake moja kwa moja. Jaribio la uhakika halina gharama. Rudi kesho, simama pale pale, saa ile ile ukitoa dakika 4. Nyota hurudi mahali pake kila siku ikiwa imetangulia kwa dakika hizo nne. Kama kitu kipo tena, kazi imekwisha.

Setilaiti zinafuata. Tovuti ya Heavens-Above hutoa njia zake kwa mahali na usiku wowote. Setilaiti haina taa. Inaakisi jua, kwa hiyo nyingi huonekana ndani ya saa mbili hivi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, na hupotea kwa kufifia zinapoingia kwenye kivuli cha dunia, katikati ya anga tupu. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kiko kilomita 400 hivi juu, huzunguka dunia kwa takriban dakika 90, na huvuka anga lako kwa dakika zisizozidi sita hivi, kimya, kikitokea upande wa magharibi. Setilaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa mafungu mwezi Mei 2019, hutoka kama shanga kwenye uzi siku chache za kwanza baada ya kurushwa. Zina tabia nyingine isiyojulikana sana: chini karibu na upeo, upande ambao jua limezama, nukta huwaka kwa sekunde chache na kuzimika, kisha nyingine huwaka pale pale karibu. Marubani wameziona na kudhani ni vyombo vinavyozunguka. Tahadhari ni kwamba programu yenye vipimo vya wiki kadhaa nyuma itakuonyesha setilaiti mahali pasipo pake. Sasisha vipimo viwe vya karibu na tarehe ya tukio.

Ndege: taa nyekundu iko bawa la kushoto, ya kijani bawa la kulia, nyeupe mkiani, na nyingine zinazomulika kwa mpigo. Ndege inayokuja moja kwa moja kwako ikiwa imewasha taa za kutua huonekana kama mwanga mmoja mkali uliosimama kwa dakika kadhaa, halafu "huruka pembeni ghafla" inapogeuka. Ukosefu wa mlio hauthibitishi kitu: sauti hutumia sekunde 30 hivi kusafiri kilomita 10, na upepo unaweza kuipeleka kwingine kabisa. Tovuti ya kufuatilia ndege ya Flightradar24 huficha baadhi ya ndege kwa maombi ya wenyewe. Nyingine, ADS-B Exchange, haizifichi. Ndege za kijeshi zinaweza kuzima vitambulishi vyao, kwa hiyo ramani tupu haimaanishi anga tupu.

Maputo ya hali ya hewa huachiwa na mamia ya vituo duniani, kwa kawaida kwa ajili ya vipimo vya 00:00 na 12:00 UTC. Hupanda mpaka kilomita 30 hivi, hupanuka mara kadhaa, kisha hupasuka. Kwa kimo hicho bado yanapigwa na jua wakati kwako limezama, kwa hiyo huonekana kama tufe jeupe lililosimama. Tovuti ya SondeHub inaonyesha njia za mengi yake. Taa za karatasi zinazopaa kwa mshumaa huwa na rangi ya chungwa, huenda pamoja na upepo, na huzimika moja baada ya nyingine baada ya dakika chache. Linganisha na upepo wa juu. Wa chini unaweza kuwa unavuma kinyume.

Droni ndogo haikai hewani zaidi ya nusu saa au kitu kama hicho kwa betri moja. Mwanga uliotulia saa tatu mfululizo si droni ya dukani.

Kimondo huisha ndani ya sekunde moja hadi tatu, mara chache kumi. Kikidumu dakika nzima, kikienda pole na kumeguka vipande vinavyosafiri pamoja, ni roketi au setilaiti inayoungua ikirudi. Vipande vikianguka karibu, usiviguse. Mafuta ya baadhi ya roketi ni sumu kali. Roketi zinazopanda huleta maajabu ya aina yake. Mzunguko mkubwa wa mwanga ulioonekana Norway tarehe 9 Desemba 2009 ulitokana na kombora la Urusi la Bulava lililoharibika likiwa safarini, likapinduka huku likimwaga moshi uliopigwa na jua. Ukiona mzunguko, au samaki mkubwa wa mwanga wakati wa machweo au mapambazuko, angalia ratiba za urushaji wa roketi hata za bara jingine.

Usilazimishe jibu moja kwa usiku mmoja. Huko Arizona, tarehe 13 Machi 1997, watu waliona taa zenye umbo la V zikipita kama saa mbili usiku, na baadaye, yapata saa nne, safu ya taa zilizoning'inia karibu na Phoenix. Hizi za pili zilikuwa fataki za kijeshi za kumulikia zilizodondoshwa na ndege za kivita za A-10, zikatoweka moja moja zikishuka nyuma ya milima. Miaka mingi matukio hayo mawili yalisimuliwa kama moja, na hakuna maelezo yaliyoweza kuyatosha yote kwa pamoja.

Hatua ya 5: Chunguza picha na video

Omba faili la asili kutoka kwenye simu iliyopiga. Likipita kwenye WhatsApp hubanwa na kupoteza saa, mahali na mipangilio ya kamera. Lihamishe kwa waya, au litume kama hati, kisha tengeneza nakala ya kufanyia kazi na asili usiiguse.

Mambo manne husababisha picha nyingi za "vyombo". La kwanza ni mwako ndani ya lenzi: chora mstari kutoka taa kali iliyomo kwenye picha kupita katikati kabisa ya fremu, ukikuta kitu chako upande wa pili kwa umbali ule ule, ni taswira ya taa hiyo. La pili ni fokasi iliyokosewa: nukta hugeuka duara, au huchukua umbo la tundu la lenzi. Video ya jeshi la majini la Marekani ya mwaka 2019 yenye "piramidi" zinazomulika ilielezwa hivyo mbele ya Bunge la Marekani mwezi Mei 2022: pembetatu zilitokana na kifaa cha kuonea usiku kilichounganishwa na kamera. La tatu ni mdudu au ndege karibu na lenzi, ambaye mpiga picha hakumwona kabisa wakati ule, swali la "uliona kwa macho, au uligundua baadaye kwenye picha?" huwatoa karibu wote. La nne ni vumbi na matone karibu na tochi ya kamera, yanayotoka kama tufe zenye mwanga.

Kama umerekodi mwezi kwa ukuzaji ule ule, pima upana wake kwa pikseli. Huo ni nusu digrii, na kwa rula hiyo unapata ukubwa wa pembe wa kitu chako.

Hatua ya 6: Wahoji mashahidi kwa heshima

Mtu aliyetoka kuona kitu kilichomtikisa anastahili kusikilizwa mpaka mwisho. Mhoji peke yake, pale pale aliposimama, ikiwezekana saa ile ile. Fungua na "nieleze kilichotokea tangu mwanzo", kisha nyamaza. Usitaje "chombo" wala "viumbe" kabla yake. Tumia neno analotumia yeye. Mwombe aonyeshe kwa mkono kilipoanza na kilipoishia, na wewe ndiye upime. Maswali ya ndiyo au hapana yaje mwishoni kabisa. Watoto huathirika zaidi na swali linalobeba jibu ndani yake, na wakihojiwa kwa kundi hadithi zao husawazika ndani ya dakika chache.

Usikubali hipnosi, yaani kumtia mtu katika hali kama ya usingizi na kumhoji, kama njia ya kurudisha kumbukumbu. Betty na Barney Hill, wanandoa wa New Hampshire waliosimulia kutekwa mwaka 1961, walitibiwa kwa njia hiyo na daktari Benjamin Simon mwaka 1964, na yeye mwenyewe hakuamini kwamba utekaji ulitokea. Aliona chanzo ni ndoto za Betty. Hali hiyo huzalisha kumbukumbu mpya ambazo mwenyewe hawezi kuzitofautisha na za kweli, na zikishaingia hazitoki.

Simulizi la viumbe waliosimama kando ya kitanda huku mtu akishindwa kusogea au kupiga kelele lichukuliwe kwa njia yake. Hilo ni jinamizi: akili imeamka ilhali mwili bado umefungwa na usingizi wa ndoto. Hofu yake ni ya kweli na mtu hajapungukiwa akili. Likijirudia, mwambie amwone daktari wa usingizi, na jalada lake lisiingie kwenye hesabu ya vitu vya angani.

Hatua ya 7: Nyaraka za serikali

Sehemu kubwa ya kinachoitwa siri tayari iko wazi. Faili za Blue Book zimo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Za Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, iliyofunga dawati lake la UFO mwaka 2009, zimo kwenye hifadhi ya taifa ya nchi hiyo. Ufaransa ina GEIPAN, ofisi iliyo ndani ya shirika lake la anga la CNES, yenye mizizi ya mwaka 1977 na kesi zilizowekwa mtandaoni tangu 2007. Anza huko kabla ya kuandika ombi lolote.

Ombi chini ya sheria ya uhuru wa habari ya Marekani linaweza kutumwa na mtu yeyote, hata asiye raia. Taja ofisi, kipindi cha tarehe, mahali na aina ya hati: "kumbukumbu za rada na ripoti za zamu za kituo fulani, kati ya tarehe hii na hii." Ukiomba "kila kitu kuhusu UFO" utakaa kwenye foleni miaka, au utarudishiwa barua ya kukutaka upunguze. Sheria inataja siku 20 za kazi. Jiandae kusubiri zaidi, na weka nambari ya ombi mahali pasipopotea, maana rufaa zote huifuata.

Wino mweusi unaoziba maneno kwenye hati una alama pembeni, isome. (b)(1) ni usalama wa taifa, (b)(6) ni faragha ya mtu aliyetajwa. Mara nyingi kinachofichwa ni uwezo wa rada au kamera iliyotumika, na picha ya puto la kawaida inaweza kubaki siri kwa sababu hiyo tu. Jibu la "hatuwezi kuthibitisha wala kukanusha" lilipata jina Glomar kutokana na meli ya miaka ya 1970 iliyotumiwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Peke yake halithibitishi chochote kwa upande wowote.

Hati ikikuangukia mkononi, uliza imetoka wapi na ilipitia kwa nani. Zile za MJ-12, zilizojitokeza miaka ya 1980 zikidai kamati ya siri ya Rais Truman, zilifika kwenye filamu ya picha kutoka kwa mtumaji asiyejulikana, hazikuwa na asili kwenye hifadhi yoyote, na sahihi ya Truman ililingana mno na ile ya barua yake ya tarehe 1 Oktoba 1947. Sahihi mbili za mkono hazifanani kiasi hicho. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliiandika nakala yake kuwa ya uongo.

Hati halisi nayo ina mtego wake. Waraka wa Guy Hottel wa tarehe 22 Machi 1950 ni wa kweli, uko kwenye hifadhi ya FBI, na unataja visahani vitatu na miili ndani yake. Usome kwa makini: Hottel anaandika alichoambiwa na mtu aliyeambiwa na mwingine, na FBI haikuchunguza. Muhuri wa serikali unathibitisha kwamba mtu fulani aliandika maneno hayo siku hiyo. Kama yalitokea, hilo linahitaji ushahidi wake.

Hatua ya 8: Toa daraja na uhifadhi

Tumia mpango wa GEIPAN, ni mwepisi na wa haki. A ni kimetambulika, B kimetambulika kwa uwezekano mkubwa, C hakiwezi kutambulika kwa sababu taarifa hazitoshi, D hakijatambulika ingawa taarifa zipo na uchunguzi umefanyika. Kosa kubwa ni kuchanganya C na D. Video ya sekunde nne isiyo na saa ni C, hata iwe ya kutisha vipi. Kwenye jalada andika kila ulichokipima na kukiondoa, pamoja na sababu, ili mwingine aweze kukukosoa bila kuanza upya.

Ondoa majina na anwani za mashahidi kwenye nakala utakayoitoa hadharani. Asili ihifadhiwe sehemu mbili tofauti, na jalada la D lisifungwe kwa gundi. Katika miaka ya 1950 marubani wa abiria waliripoti vitu vinavyong'aa juu sana baada ya jua kuzama, na wachunguzi wa Blue Book waliweza kulinganisha baadhi ya taarifa na ratiba za CIA za ndege ya upelelezi ya U-2, iliyoruka zaidi ya futi 60,000, lakini hawakuruhusiwa kuwajibu walioandika. Historia ya CIA inayoeleza hayo ilifunguliwa kwa sehemu kubwa mwaka 2013. Kufikia hapo, aliyekuwa ameandika tarehe, saa, upande na kimo angeweza bado kulinganisha.